Kabla ya Kufunga Mzigo wa Kolwezi

Hotuba iliyosomwa mbele ya mafundi, wazazi na vijana waliokutanika Goma

Wazee wetu, mama zetu, ndugu mafundi, na ninyi vijana mliojaa mpaka mlangoni.

Twajua kila mmoja ameacha kitu chake: huyu ameacha mashine ya kuchomelea, yule ameacha meza yake ya sambaza sokoni, mwingine ameacha bidoni zake kwenye foleni ya maji na kumwomba jirani azitazame. Kwa hiyo salamu zetu ni fupi.

Jambo lililotuleta hapa ni barua. Siku hizi barua haiji kwa posta, inakuja ndani ya simu, lakini ni ile ile waliyoipata baba zetu. Inasema: Njoo, huku kuna kazi. Kijana wetu mmoja wa Ndosho, fundi wa kuchomelea vyuma, ameandikiwa na rafiki yake aliye Kolwezi. Ameambiwa kuna kampuni ya kandarasi inayotafuta wachomeleaji, na mshahara ni dola 400 kwa mwezi. Hapa Goma mwezi uliopita alitengeneza mlango mmoja na madirisha mawili, na fedha alizopata hazikufika dola 60. Ana mke, ana watoto wawili, ana mama mjane. Mama ana kiwanja. Rafiki amesema kwamba safari na maisha ya siku za kwanza vitataka dola 700, na njia ya haraka ya kuzipata ni kuuza nusu ya kiwanja hicho.

Mama amekataa. Kijana amekasirika. Mke amenyamaza, na kunyamaza kwake kumetutia hofu kuliko maneno ya wale wawili.

Tungaliweza kulimaliza shauri hili watu sita, tumeketi barazani kwa mama huyo. Lakini tulipouliza huku na huku tukaona kwamba nyumba zenye barua kama hii ni nyingi. Ndiyo sababu tumeomba ruhusa ya mama na ya kijana mwenyewe tuliseme mbele ya watu, pasipo kutaja majina, ili kila mwenye barua yake mfukoni aisome tena pamoja nasi.

Kwanza tuliondoe neno moja lililosemwa na baadhi ya wazee wenzetu, kwamba mtoto mwema hahami. Neno hilo halina haki katika mji huu. Nani kati yetu ni mtu wa Goma tangu babu wa babu yake? Ni wachache. Wengine baba zetu walishuka kutoka Masisi na Rutshuru, wengine walikuja na biashara kutoka Butembo, wengine walivuka ziwa kutoka Idjwi na Bukavu. Wakati wa Wabelgiji hapa palikuwa mahali padogo. Makao ya Kivu yote yalikuwa Bukavu, na Goma haikuwa mji mkuu wa jimbo mpaka Kivu ilipogawanywa mwaka 1988. Mwaka 1994 wakimbizi kutoka Rwanda walipomiminika kwa malaki, yakaja mashirika ya misaada nyuma yao, na mashirika yakataka madereva, walinzi, makarani, wapishi na nyumba za kupanga. Watu waliujaza mji huu kwa sababu ile ile inayomvuta kijana wetu leo: walisikia kuna kazi.

Tena sisi wa Goma twajua kufunga mzigo kuliko watu wengi wa dunia. Nyiragongo alitufundisha. Alimwaga moto tarehe 10 Januari 1977. Akamwaga tena tarehe 17 Januari 2002, moto ukapita katikati ya mji mpaka ziwani, ukafunika maduka, nyumba, na kipande cha uwanja wa ndege. Watu walikimbilia Gisenyi, na baada ya siku chache tu wakarudi wakikanyaga mawe yaliyokuwa bado na moto tumboni. Tarehe 22 Mei 2021 akatutoa tena usiku, na siku tano baadaye serikali ikaamuru mitaa kumi ihamwe. Wengine wakaenda Sake, wengine Rutshuru, wengine wakapanda mashua kwenda Bukavu. Mtu aliyepita katika hayo humwambii kwamba kuhama ni aibu.

Walakini iko tofauti, na tofauti hiyo ndiyo iliyotufanya tuandike maneno haya. Ukikimbia moto hukuchagua, na jirani zako wote wako barabarani pamoja nawe. Ukihama kwa ajili ya kazi unaondoka peke yako. Hakuna atakayekugawia turubai. Huna ngao nyingine ila hesabu uliyoifanya kabla ya kuondoka.

Kwa nini barua hizi zimekuwa nyingi? Hatukuja hapa kuwahukumu wenye bunduki. Tunasema habari za kazi. Mwishoni mwa Januari 2025 M23 waliushika mji huu, kama walivyoushika kwa siku chache mwezi wa Novemba 2012. Benki zikafunga milango. Uwanja wa ndege ukafungwa. Mtu mwenye fedha yake benki akawa maskini kwa siku moja, akaanza kuvuka mpaka kutafuta noti. Mwaka huo huo Marekani ikalifunga shirika lake la misaada, USAID, na watu waliokuwa wakilipwa kila mwezi wakarudishwa nyumbani. Basi tazameni mnyororo ulivyo. Fundi wa kuchomelea hali moto wake. Anakula nyumba zinazojengwa. Karani akikosa mshahara, ukuta wake unabaki nusu. Ukuta ukibaki nusu, hakuna dirisha. Pasipo dirisha fundi anaketi, na mwenye chukudu aliyekuwa akimletea vyuma anaketi naye, na mama anayeuza maharagwe ya kupikwa karibu na karakana anarudi nyumbani na sufuria imejaa. Kijana hakuota ndoto za anasa. Ameona mnyororo umekatika.

Basi kama ni hivyo, kwa nini tusimwambie: Nenda, Mungu akutangulie? Kwa sababu barua ya Katanga tunaijua. Ni barua ya zamani sana.

Union Minière iliundwa mwaka 1906. Mwaka 1910 ikaanzishwa ofisi ya kuandika watu, jina lake Bourse du Travail du Katanga. Watu wa karibu hawakutosha, au hawakutaka, kwa hiyo watu wakatafutwa mbali: Rhodesia, Lomami, Kasai, na katika miaka ya 1920 hata Ruanda-Urundi, ng'ambo ya mpaka wetu huu. Machifu walitakiwa watoe vijana. Kijana alitia kidole gumba katika karatasi asiyoweza kuisoma, akapelekwa kwenye baridi na vumbi, na wengi walikufa kwa vifua na homa kabla ya kumaliza muda wao. Huko Tanganyika wenzao wa mashamba ya katani waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alijulikana kwa namba yake, jina alikuwa ameliacha kwao. Na wale wa Katanga walipothubutu kudai nyongeza ya mshahara wakati wa vita kuu ya pili, askari waliwapiga risasi huko Elisabethville tarehe 9 Desemba 1941. Makumi walikufa. Walikuwa wamekwenda kutafuta kazi bora, kama huyu wetu.

Mtasema: Hayo ni ya ukoloni, yamekwisha. Vema. Tutazame ya baada ya ukoloni.

Mwaka 1967 serikali ilizitwaa mali za Union Minière, na kampuni ikawa ya nchi. Baadaye ikaitwa Gécamines. Kwa miaka mingi mtu aliyeandikwa huko alihesabiwa kuwa amefika. Alikuwa na nyumba ya kampuni, mfuko wa unga, hospitali, shule ya watoto. Watu waliiona kampuni kama baba na mama. Katika miaka ya 1980 ilitoa tani zaidi ya 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwezi wa Septemba 1990 mgodi wa Kamoto, huko huko Kolwezi, ukabomoka; fedha za mitambo zilikuwa zimekwisha liwa; na katikati ya miaka ya 1990 shaba haikufika hata tani 50,000 kwa mwaka. Mishahara ikachelewa, ikasimama. Mwaka 2003 watu zaidi ya 10,000 wakatolewa kazini katika mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari. Hiari gani hiyo, ya mtu ambaye hajalipwa siku nyingi? Wengi wao, mafundi wenye vyeti, wakachukua sururu na gunia wakaenda kuchimba kwa mikono mahali walipokuwa wakiendesha mitambo. Baba na mama walikuwa wamekufa siku moja.

Na liko jambo zito zaidi ya mshahara. Wale wa Kasai tuliowataja, waliochukuliwa kwenda kufanya kazi katika reli na migodi, walizaa huko, wajukuu wakazaliwa huko, Kasai wakaijua kwa hadithi. Mwaka 1992 na 1993, siasa zilipochafuka, wakaambiwa: Ninyi si wa hapa. Walifukuzwa Likasi na Kolwezi kwa malaki. Walilala kwenye vituo vya gari la moshi wakingoja mabehewa ya kuwapeleka katika nchi ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona, na watoto wao wakafa pale pale kwenye reli. Hatuwatupii mawe watu wa Katanga kwa neno hili. Sisi wa Kivu tuna letu. Kuanzia mwaka 1937 Wabelgiji walihamisha watu kutoka Rwanda kuwaleta Gishari, Masisi, kwa mpango wao wenyewe uliokwenda mpaka 1955, na damu iliyomwagika baadaye kwa swali la nani ni wa wapi, sote twaijua. Tunasema tu kwamba anayehama kwa ajili ya kazi humwachia mjukuu wake swali. Wakati kazi ipo hakuna anayeliuliza. Kazi ikipungua, linaulizwa.

Sasa tuje kwa Kolwezi ya leo, maana kijana wetu haendi kwa babu, anaenda leo.

Tangu mwaka 2015 Kolwezi ni mji mkuu wa jimbo la Lualaba. Pana shaba, tena pana kobalti, madini yanayotiwa ndani ya betri za simu na za magari ya umeme. Kongo hutoa zaidi ya theluthi mbili ya kobalti yote ya dunia, na sehemu kubwa hutoka huko. Basi kazi ipo, hatukatai, na kazi ya kuchomelea haikosekani palipo na mitambo, mabomba na matangi. Tena wanasema Kiswahili. Ni Kiswahili cha Katanga, ambacho ugali huitwa bukari, nanyi mtacheka wiki moja kisha mtazoea. Si kama Kinshasa, ambako mtu wa Goma asiyejua Kilingala anakuwa kama mtoto mbele ya muuza mkate. Hizo ni sababu nzuri za kwenda.

Lakini ile kobalti bei yake haiamuliwi Kolwezi. Bei ilipoanguka, serikali ya Kinshasa ilisimamisha kuuza kobalti nje tangu tarehe 22 Februari 2025, na ilipofungua tena mwezi wa Oktoba iliweka kiasi maalumu kwa kila kampuni. Amri moja, na huku chini kampuni ndogo za kandarasi zinaulizana nani wa kumwacha. Na wa kuachwa kwanza ni yule aliyekuja jana kutoka mbali.

Ndiyo sababu tulimwomba kijana amwandikie rafiki yake tena. Barua ya kwanza ilikuwa ya urafiki, tukataka ya pili iwe ya hesabu. Chumba ni kiasi gani? Chakula? Gari la kwenda kazini? Nani anaandika mshahara, na kwa karatasi gani? Tunamsifu huyo rafiki, kwani alijibu kweli tupu, na ukweli wake tunausoma mbele yenu.

Chumba dola 80. Chakula cha mtu mmoja anayekula kama fundi, dola 110. Gari, 30. Sabuni, simu, na dawa akipatwa na homa, 30. Jumla dola 250. Zinabaki 150 za kutuma nyumbani. Tukafurahi, dola 150 kila mwezi zikija Ndosho, watoto wanasoma. Lakini mwisho wa barua, kama mtu aliyekumbuka akiwa mlangoni, akaandika kwamba dola 400 ni za mwezi ambao mtu hakukosa siku hata moja, yaani siku 26, kwa maana wanalipwa kwa siku. Yeye mwenyewe mwezi uliopita aliitwa siku 15.

Ndugu zetu, hesabuni nasi. Dola 400 gawanya kwa siku 26, kisha zidisha kwa siku 15. Ni dola 230 hivi. Matumizi ni 250. Rafiki aliyeandika Njoo, huku kuna kazi, mwezi ule alikuwa na deni la dola 20. Hatusemi alidanganya. Mtu aliye mbali huandika mshahara wa siku njema, maana haya ya kuandika ule mwingine ni kubwa. Tuliwahi kufanya hivyo nasi. Mmoja wetu alikwenda Kampala ujanani, akawaandikia wa nyumbani kwamba anafanya kazi katika karakana kubwa. Mwajiri alimlipa miezi miwili, na mwezi wa tatu alifunga duka usiku akatoweka na vifaa. Barua zake nyumbani ziliendelea kuwa nzuri mwaka mzima. Mdogo wake akamfuata kwa sababu ya barua hizo. Mpaka leo hawaongei vizuri.

Katika habari ya karatasi tutakaa kidogo, kwa kuwa hapa ndipo wengi wetu huumia kwa kutokujua. Nchi hii ina sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002. Sheria hiyo inasema kwamba mtu anayeajiriwa siku kwa siku, akiwa amekwisha fanya kazi siku 22 ndani ya miezi miwili, akichukuliwa tena kabla ya miezi hiyo kwisha, anahesabiwa kuwa ameajiriwa bila kikomo cha muda. Mwaona? Rafiki yetu wa siku 15 kwa mwezi, kama anafanya kwa mwajiri mmoja, amekwisha vuka siku 22, na pengine ni mtu wa kudumu naye hajui. Tumesikia kwamba wako wanaowabadilishia watu jina la kampuni kila baada ya wiki kadhaa, ili siku zisitimie. Kwa hiyo kila jioni andika siku yako katika daftari, na jina la aliyekupa kazi. Daftari la senti chache laweza kusimama mbele ya mkaguzi wa kazi pale ambapo mdomo wako hautasikika.

Sheria hiyo hiyo inamtwika mwajiri gharama za safari za mtu aliyemwajiri mahali pamoja na kumpeleka kufanya kazi mahali pengine. Hapo ndipo penye ujanja. Wakikuandika ukiwa Goma, safari ni yao. Wakikuambia: Njoo tu, tutaonana huku, wewe umekuwa mtu wa Kolwezi siku uliyofika, na nauli imetoka katika kiwanja cha mama yako. Kampuni inayomhitaji fundi kweli itaandika barua. Tumemwambia kijana aitake.

Na nauli hiyo ni ya njia gani? Wako wanaopita nchi kavu: unavuka Gisenyi, Kigali, unaingia Tanzania kwa Rusumo, unaikata Tanzania mpaka Tunduma, unapita Zambia, unatokea Kasumbalesa, kisha Lubumbashi, na kutoka hapo kilomita 300 hivi mpaka Kolwezi. Kutoka jimbo moja la Kongo kwenda jimbo jingine la Kongo unapita nchi tatu! Tulicheka tulipoihesabu, kisha tukaacha kucheka. Kila mpaka unataka karatasi. Na ndani ya nchi yetu kitambulisho cha watu wengi ni kadi ya kupigia kura. Ninyi mliotoka Masisi na Rutshuru mwajua kwamba vita viliwanyima uchaguzi wa Desemba 2023, na wengi wenu kadi hiyo hamna. Mtu atokaye Goma nyakati hizi, ambaye hana karatasi, asishangae akiulizwa maswali mara mbili. Karatasi kwanza, mzigo baadaye.

Sasa kiwanja. Kijana amesema maneno haya mbele yetu, nasi tunayarudia kwa haki: Nusu ya kiwanja imelala tu, mimi nina mikono, afadhali mikono ile ardhi kuliko njaa kula mikono. Ni maneno ya mtu mwenye akili. Lakini tumemjibu kwa mambo mawili. La kwanza, wakati kila mtu anauza, anayenunua ndiye anayetaja bei. Jirani wa mama huyo aliuza mwaka jana, na bei aliyopata tusiitaje, maana yumo humu ndani. La pili ni la mwaka 2002. Wale ambao nyumba zao zilifunikwa na moto wa Nyiragongo walirudi kwa nini? Nyumba haikuwapo, hata mlango wa kuufungua haukuwapo. Walirudi kwa sababu chini ya lile jiwe jeusi palikuwa pao. Walipima kwa hatua, wakabishana na majirani juu ya mpaka, wakavunja jiwe, wakajenga kwa jiwe lile lile. Mpangaji hakuwa na pa kurudi. Kijana akiuza nusu leo, na Kolwezi ikamwita siku 15, mwakani atauza nusu nyingine ili arudi. Atarudi wapi?

Hata mwezi ukiwa mzuri, kwa dola 150 za kutuma, itamchukua karibu miezi mitano kurudisha zile 700 tu, na muda huo wote watoto wawe hawali kitu chake.

Basi shauri letu ni hili, nalo ni shauri tu. Sisi si machifu wa kutoa watu wala wa kuwazuia. Kiwanja kisiguswe. Aitake barua ya kazi, na ajipe mwezi mmoja kuingoja. Barua ikija, aende, nasi tutamsindikiza mpaka mpakani. Barua isipokuja naye bado anataka kujaribu, aende peke yake kwa miezi mitatu. Mafundi kumi wa karakana zetu wamekubali kumpa zamu ya kwanza ya likelemba, dola 30 kila mmoja, hizo ni 300. Mashine yake ya kuchomelea inabaki kwetu, inafanya kazi, na faida yake inamwendea mkewe. Katika hizo 300 nauli ya kurudi inabaki mikononi mwa mama, naye hatampelekea mtu mwingine hata akililia kwenye simu. Fedha zilizobaki hazitoshi maisha ya miezi mitatu, twajua. Ndiyo maana huyo rafiki ameandika kwamba atamlaza chumbani kwake. Pasipo rafiki huyo tungesema asiende kabisa.

Wako wanaotuuliza habari za Kampala na Nairobi. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na Uganda sheria yake ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi. Njia ni fupi kuliko ya Katanga. Lakini maswali ni yale yale, na daftari ni lile lile. Wenye barua za huko waje tuzisome nazo, kila moja peke yake.

Imebaki sehemu moja, na hapo sisi wazee tulikosa. Tulikaa mara tatu juu ya shauri hili. Tulimsikiliza kijana, tulimsikiliza mama, tulisoma barua mbili, tulihesabu dola mpaka senti. Hatukumwuliza mke. Jana ndipo mmoja wetu alipokumbuka kwamba ndiye anayeamka alfajiri kuvuka Petite Barrière na mboga kichwani, na ndiye atakayelala peke yake katika nyumba ile yenye watoto wawili, katika mji huu, usiku wa milio ya risasi. Miezi mitatu tuliyoipanga ni yake kuliko ya mtu mwingine yeyote. Tulipomwendea tukamkuta anafua. Akatuambia analo neno, ila hatalisema kwa wajumbe, atalisema mwenyewe mbele ya watu wote.

Basi tunanyamaza. Walio mlangoni wampishe. Mama wa watoto, karibu mbele.